Dawa imo mwilini mwa ng'ombe, serikali haimo

Mfugaji anayeondoka mnadani na chupa ya ivermektini mfukoni hajafanya jambo la ajabu. Amenunua dawa ya minyoo bila cheti cha daktari wa mifugo, hakuna aliyemuuliza ana ng'ombe wangapi wanaokamuliwa, na jioni atawachoma mwenyewe mmoja baada ya mwingine, nyuma ya bega, kwa sindano ileile, uzito wa kila mnyama akiukisia kwa macho. Anachotaka ni kuondoa minyoo, chawa na upele. Lakini dawa hiyo ikishaingia kwenye damu ya ng'ombe hufanya na kazi nyingine ambayo haikutumwa: mbu jike atakayemnyonya mnyama yule usiku ule, na hata siku kadhaa baadaye, ana uwezekano mkubwa wa kufa kabla hajafikisha umri wa kumwambukiza mtu malaria.

Kwa hiyo swali la kama tuanze au tusianze kuwatibu ng'ombe kwa dawa inayoua mbu limeshapitwa na wakati. Tumeshaanza, tena kiholela. Ng'ombe wanachomwa mwezi wowote, kwa kipimo chochote, zizi hili likipata na la jirani likikosa, na hakuna anayeweka kumbukumbu ya dozi hata moja kwa ajili ya malaria. Hasara zote za dawa hiyo tunazibeba: minyoo kuwa sugu, mabaki kwenye maziwa, wadudu wa malishoni kufa. Faida moja ambayo ingewakinga watoto tumeiacha. Hukumu ya gazeti hili ni kwamba huu ni uzembe, na wizara mbili, ya Afya na ya Mifugo na Uvuvi, zinabeba lawama hiyo kwa pamoja.

Tusisahau tulikotoka. Uambukizo wa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania ulikuwa asilimia 18 katika utafiti wa kitaifa wa 2007 na 2008. Mwaka 2017 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 7 na kidogo. Hiyo ni kazi ya kujivunia, iliyofanywa na vyandarua vyenye dawa, vipimo vya haraka, dawa mseto na wahudumu wa afya waliotembea kwa miguu vijijini. Kisha 2022 utafiti ukakuta asilimia 8. Hapo tumekwama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 263 na vifo 597,000 duniani kote mwaka 2023, na Tanzania ikabaki miongoni mwa nchi nne zinazobeba zaidi ya nusu ya vifo hivyo, pamoja na Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Niger. Wengi wa waliokufa Afrika ni watoto ambao hawajafikisha miaka mitano.

Sababu za kukwama ni nyingi, na mojawapo ni mbu anayeitwa Anopheles arabiensis. Chandarua kilimpiga vibaya ndugu yake, Anopheles gambiae, kwa sababu yule alizoea kuingia chumbani usiku wa manane na kunyonya zaidi watu. Magharibi mwa Kenya na katika bonde la Kilombero, vyandarua vilipoenea, gambiae alipungua sana na arabiensis akabaki. Huyu hana masharti. Atakunywa damu ya mtu, ya ng'ombe au ya mbuzi, ndani ya nyumba au nje, na hangoji watu walale.

Mtazame akiwa kazini kwenye boma la wafugaji saa mbili usiku. Ng'ombe wamesharudi na zizi la miiba liko hatua chache kutoka jikoni. Mama anasonga ugali kwenye moto wa nje, watoto wamekaa chini kando yake, vijana wanatenga ndama na mama zao. Vyandarua viko ndani, vimefungwa fundo juu ya vitanda, vinawasubiri watu ambao hawatalala mpaka saa nne. Mbu ametoka kwenye jaruba la mpunga, au kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua. Anafika zizini kwanza, kwa kuwa harufu ya zizi ni kubwa na ng'ombe hana mikono ya kumpiga. Ananyonya, anashiba, anatulia, anataga. Siku mbili au tatu baadaye anarudi, na safari hii aliye karibu ni mtoto. Wizara ya Afya imempa mtoto huyo kinga inayoanza saa nne usiku. Zizi si eneo la wizara hiyo, na Wizara ya Mifugo haijawahi kuambiwa kwamba mbu ni kazi yake.

Ieleweke wazi kwamba ng'ombe haugui malaria ya binadamu na hamwambukizi mtu. Kosa la ng'ombe ni moja tu: anamlisha mbu. Anamweka hai na kumzalisha. Hapo ndipo ivermektini inapoingia. Dawa hii hufungua milango ya chumvi kwenye neva na misuli ya mdudu na kuiacha wazi. Miguu inalegea, mbu anaanguka, hawezi kuruka, na sisimizi wanamaliza kilichobaki. Asiyekufa hutaga mayai machache. Na kwa kuwa dawa imo ndani ya damu, haimfukuzi mbu kutoka kwa ng'ombe na kumwelekeza kwa mtu, hatari ambayo imekuwa ikiwasumbua watafiti kila wanapofikiria kupaka ngozi za mifugo viuadudu vinavyonuka.

Sasa chukueni kalamu. Vimelea vya malaria vinahitaji kati ya siku 10 na 14 hivi ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Katika muda huo mbu hunyonya kila baada ya siku mbili au tatu; tuseme mara nne. Ikiwa theluthi moja ya milo yake ni ng'ombe, na ng'ombe wote wa kijiji wamechomwa, na kila mlo wa aina hiyo unaua, basi katika mbu watano ni mmoja tu atakayefika mwisho wa safari. Punguza kidogo: watibu nusu tu ya ng'ombe. Wanaofika wanakaribia nusu ya mbu wote. Na hesabu hii imeipa dawa nguvu kamili kila siku, jambo ambalo si kweli, kwa sababu sindano ya kawaida ya mikrogramu 200 kwa kila kilo ya mnyama huisha makali dhidi ya mbu baada ya wiki mbili au tatu. Hakuna mfugaji mmoja mmoja, hata awe na bidii kiasi gani, anayeweza kuifanya kazi hiyo. Mfugaji anatibu zizi lake, mbu anakula kijiji kizima. Ni kazi inayofanyika kwa pamoja, kwa tarehe moja, au haifanyiki kabisa, na kuwapanga watu wafanye jambo kwa pamoja ndiyo sababu tunalipa kodi na kuwa na serikali.

Ushahidi haukuanza jana. Mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha matokeo kutoka Pakistan, katika makazi ya wakimbizi wa Afghanistan, ambako ng'ombe na mifugo mingine walisuguliwa kwa sponji yenye deltamethrini. Malaria ya falsiparamu ilipungua kwa asilimia 56, na gharama ilikuwa ndogo kuliko kupulizia dawa nyumba. Mbu wa kule wanapenda mifugo kuliko wa kwetu, hilo ni kweli, na tahadhari hiyo ni ya lazima. Lakini mmoja wa mbu wa kule, Anopheles stephensi, ameshavuka bahari. Alionekana Jibuti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2022 akakutwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Anaishi mijini, anazaliana kwenye matangi ya maji, na mifugo anaipenda. Asiyefikiria ng'ombe leo atalazimika kumfikiria keshokutwa akiwa amechelewa.

Hapa nyumbani kazi imefanywa na watu wetu. Moshi, kwenye mashamba ya umwagiliaji, watafiti walichapisha mwaka 2007 majaribio ya ng'ombe waliotiwa deltamethrini dhidi ya arabiensis. Magharibi mwa Kenya zilipimwa dawa za kumwagia mgongoni. Burkina Faso walichoma ng'ombe ivermektini na kuona mbu wakifa. Mwaka 2017 wanasayansi wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha jaribio lililofanywa kusini mashariki mwa Tanzania, ndani ya mazingira yaliyozungushiwa wavu: mbu arabiensis walionyonya ng'ombe waliochomwa ivermektini walishindwa kuyeyusha damu vizuri, wakataga kidogo, wakafa mapema. Miaka imepita tangu hapo. Majaribio ya wavu yalipaswa kufuatwa na jaribio la vijiji, na jaribio la vijiji linahitaji wizara mbili kutia saini karatasi moja. Kalamu imekwama hapo.

Tusijidanganye kuhusu kile ambacho bado hakijathibitishwa. Hakuna jaribio kamili ambalo limekwisha kuonyesha kwamba kumchoma ng'ombe sindano, peke yake, kunapunguza malaria kwa watoto wa Afrika. Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza njia hii. Tulichonacho cha karibu zaidi ni Kwale, pwani ya Kenya, ambako watu wenyewe walimeza ivermektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, mikrogramu 400 kwa kilo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yakaonyesha kwamba maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26 juu ya kinga ya vyandarua. Mradi huohuo ulikuwa na mguu wa pili Mopeia, Msumbiji, ambako baadhi ya vijiji vilipangiwa kutibiwa watu pamoja na mifugo yao. Kimbunga Gombe cha Machi 2022 kikaja, kikafuatwa na kipindupindu, na kazi ikavurugika. Katika visiwa vya Bijagós vya Guinea-Bissau, ivermektini iliyoongezwa juu ya dawa ya malaria haikuleta faida ya ziada. Basi yeyote atakayesimama jukwaani na kutangaza kwamba sindano ya ng'ombe imemaliza malaria ni mwongo, na gazeti hili halitampa nafasi. Lakini ukosefu wa uthibitisho hauwezi kuwa kisingizio kwa wale ambao kazi yao ilikuwa kuutafuta.

Na wasiseme haijawahi kufanyika Afrika Mashariki, kwamba mtu akakingwa kwa kumtibu ng'ombe. Jirani yetu Uganda alifanya hivyo. Mwaka 1998 ugonjwa wa malale ulizuka Soroti, mahali ambapo haukuwapo, na wachunguzi walipoufuata nyuma walifika kwenye mnada wa ng'ombe: wanyama walioletwa kutoka maeneo yenye malale walikuwa wamebeba vimelea, na mbung'o wakafanya kazi yao. Mwaka 2006 Uganda ilianza kampeni kubwa. Ng'ombe kwa maelfu, katika wilaya kama Dokolo na Kaberamaido, walichomwa dawa ya kuua vimelea na kunyunyiziwa deltamethrini miguuni na tumboni, sehemu ambazo mbung'o hupenda kutua. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Makerere ndio waliokwenda vijijini kushika sindano. Baadaye baadhi ya madaktari vijana wa mifugo walibaki kule na kufungua maduka ya dawa ili unyunyiziaji usife. Kampeni ile ilikuwa na mapungufu yake, hasa pale dawa ya kunyunyizia ilipokuwa ya kununuliwa na mfugaji mwenyewe, na maeneo mengine yalilazimika kurudiwa. Hata hivyo wazo lenyewe lilisimama: wizara ya mifugo inaweza kushika sindano na hospitali ikapata nafuu.

Sasa tufike kwenye mambo yanayohitaji ukali, kwa sababu njia hii ina hatari, na anayeitetea bila kuzitaja anaiharibu.

La kwanza ni maziwa. Ivermektini ya sindano haitakiwi kutumika kwa ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya kunywewa na watu. Dawa hii hupenda mafuta, na maziwa yana mafuta. Inakaa humo siku nyingi. Nyama nayo haitakiwi kuliwa mpaka wiki kadhaa zipite, na Marekani, kwa mfano, sindano ya kawaida imewekewa siku 35. Mfugaji anayetegemea maziwa kulisha watoto wake atamwaga maziwa ya mwezi mzima kwa kuwa chupa imesema hivyo? Hatamwaga, na hatumlaumu. Maziwa mengi nchini hayapiti kiwandani. Yanatoka kwenye kibuyu au dumu na kwenda moja kwa moja kwenye chai ya asubuhi na kikombe cha mtoto. Mpango wowote utakaomkinga mtoto na mbu kwa kumnywesha dawa ya ng'ombe bila idhini ya mama yake ni mpango wa aibu, na tutausema hivyo hata ukija na wafadhili. Iko dawa ya familia hiyohiyo, eprinomektini, ambayo katika nchi nyingi imeruhusiwa kwa ng'ombe wa maziwa bila kusubiri, na imeshapimwa dhidi ya mbu magharibi mwa Kenya. Ni ghali zaidi. Basi jaribio lihesabu gharama hiyo tangu mwanzo, au liwaache ng'ombe wanaokamuliwa na litibu mitamba, madume na ndama peke yao, kisha lituambie kama idadi hiyo inatosha. Kwa hesabu tuliyoifanya hapo juu, huenda isitoshe. Ni heri kulijua hilo kwa jaribio kuliko kwa tetesi.

La pili ni kinyesi. Sehemu kubwa ya ivermektini hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu yake. Dundu wanaoviringisha na kuzika samadi hutaga humo, na mabuu yao hufa. Tangu miaka ya 1980 watafiti wameonya kwamba kinyesi cha ng'ombe waliotibiwa kinaweza kuchelewa kuoza malishoni. Kwa mfugaji wa mbugani hilo ni nyasi zilizofunikwa, inzi wengi na udongo usiopata mbolea. Wizara ya Mifugo inao wataalamu wa malisho. Wasiachwe nje ya chumba cha mkutano.

La tatu ni usugu, na hapa ndipo hasira yetu ilipo. Minyoo ya mbuzi na kondoo imeshaonyesha usugu kwa dawa hizi katika nchi nyingi, na kupe wamefuata njia hiyo kwingineko. Kipimo kidogo kinachorudiwarudiwa ndicho shule bora ya usugu, na kipimo kidogo kinachorudiwarudiwa ndicho hasa kinachotolewa na mtu anayekisia uzito wa fahali kwa macho na kunyoosha chupa moja ifike kwa kundi zima. Dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani, iliyompatia Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015, dawa ambayo watu wa Mahenge wamekuwa wakiimeza kila mwaka dhidi ya usubi na Watanzania wengine dhidi ya matende na mabusha, inachezewa kwenye mifugo kama maji ya mfereji. Tukimaliza kuiharibu, mfugaji hatakuwa na dawa ya minyoo na mpango wa malaria hautakuwa na cha kujaribu. Hatukatai wafugaji kutibu mifugo yao. Tunakataa dawa kuuzwa bila mtu mwenye taaluma kusimama kati ya chupa na mnunuzi, wakati sheria za veterinari zipo na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina mamlaka juu ya dawa za binadamu na za mifugo pia.

Kuna na suala la mahali, ambalo wapangaji wa miradi hulikwepa. Kilombero na Ulanga ni nyumbani kwa utafiti wa mbu Tanzania. Maabara, magari na wataalamu viko kule. Lakini Ifakara wenyewe walionyesha mwaka 2017 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kung'atwa kunakoambukiza katika wilaya hizo hutoka kwa Anopheles funestus, mbu anayependa watu na asiyejali ng'ombe, hata pale arabiensis alipo mwingi kwa idadi. Ukichoma kila ng'ombe wa bonde lile, funestus ataendelea na shughuli zake. Moshi chini yuko arabiensis, lakini malaria ya Kilimanjaro imeshashuka mno kiasi kwamba jaribio haliwezi kuonyesha tofauti. Kinachotakiwa ni mahali penye vitu vitatu kwa pamoja: ng'ombe wengi karibu na nyumba, arabiensis akiwa ndiye mwambukizaji mkuu, na malaria ya kutosha kupimika. Turkana, kwa upande wa Kenya, panastahili kutazamwa kwa makini. Kwa Tanzania jibu lisitolewe ofisini Dodoma. Wakamatwe mbu katika vijiji vya wafugaji wa Kanda ya Ziwa na kwingineko, ipimwe damu iliyo tumboni mwao, ijulikane nani anakula ng'ombe na nani anabeba vimelea, ndipo mahali pachaguliwe. Jaribio linalowekwa karibu na barabara nzuri kwa urahisi wa magari litatoa jibu la uongo, na jibu la uongo litazika njia hii kwa miaka 20.

Nani alipe? Tunasikia kwa mbali hoja kwamba mfugaji ananufaika, ng'ombe wake ananenepa, basi agharamie. Kunenepa kwa ng'ombe ni kweli. Lakini anayekingwa na malaria ni kijiji kizima, pamoja na mkulima wa mpunga asiye na hata kuku. Ndigana kali na kupe tayari vinamkamua mfugaji fedha za josho kila wiki. Kumwongezea bili ya afya ya umma ni dhuluma, na tena ni ujinga wa kimpango, kwa sababu kama Uganda ilivyoonyesha, pale gharama inapomwangukia mfugaji peke yake, kazi inakatika. Hatusemi watibiwe ng'ombe wote wa nchi hii, zaidi ya milioni 36. Tunasema vijiji vichache vilivyochaguliwa kwa vigezo, katika misimu miwili ya mvua, kwa fedha za umma, na vijiji vya kulinganisha visivyotibiwa. Misaada ya nje iliyokuwa ikilipia vyandarua na upuliziaji wa dawa ukoko imetikisika tangu mwanzoni mwa 2025. Nchi inayosubiri mfadhili aanze kufikiri kwa niaba yake haitapata ahueni hiyo tena.

Nyenzo za kuanzia zipo. Juni 2025 ilizinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ng'ombe wanavikwa hereni, wanahesabiwa, wanaandikwa. Timu inayofika zizini na sindano ya chanjo ya homa ya mapafu ina gari, ina orodha, ina mfugaji aliyeshakubali kufungua lango. Kuiongezea timu hiyo jukumu la jaribio katika vijiji vilivyochaguliwa ni jambo la mipango, si la miujiza. Hereni hiyohiyo ingeonyesha ni ng'ombe yupi alichomwa lini, na machinjioni wakajua siku zake za kusubiri zimeisha au bado. Dawati la Afya Moja liko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kwa ajili ya mambo ya aina hii hasa, pale ambapo ugonjwa unakaa katikati ya wizara mbili. Likiwa limeshindwa kuzikutanisha wizara hizo juu ya mbu na ng'ombe, lieleze limewekwa kwa kazi gani.

Wala mtu asitumie maneno yetu kupunguza vyandarua. Chandarua kinabaki, kupima na kutibu kunabaki, kufukia madimbwi na kuua viluwiluwi kunabaki. Sindano ya ng'ombe, ikithibitika, itaziba pengo la saa mbili usiku nje ya nyumba, pengo ambalo zana hizo hazikutengenezwa kuliziba.

Mawaziri wawili waende bungeni katika kikao kijacho cha bajeti na kifungu kimoja kilichotiwa saini na wote wawili, chenye mahali, kiasi cha fedha, jina la taasisi itakayoongoza na mwaka wa kutoa majibu. Wabunge wa majimbo ya wafugaji, ambao wana sauti kubwa sana linapokuja suala la mipaka ya hifadhi, wadai kifungu hicho ukumbini.

Jambo moja halihitaji jaribio, wala bajeti, wala mawaziri. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iagize kila chupa ya ivermektini ya mifugo inayoingia nchini ibandikwe maelezo ya Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama juani mnadani: kipimo kwa uzito, siku za kutochinja, na katazo la maziwa. Chupa isiyo na maandishi hayo iondolewe sokoni. Tunataka tarehe ya kuanza.